Kaburi la Rosine na macho ya Rebmann

Rosine Krapf alifariki Mombasa tarehe 13 Julai 1844, wiki moja baada ya kujifungua mtoto wa kike. Siku mbili baadaye mtoto naye akafa. Mume, Johann Ludwig Krapf, alikuwa hoi kwa homa hiyo hiyo iliyomwondoa mkewe. Walikuwa na miezi miwili tu tangu wahamie mjini. Kabla ya kukata roho Rosine aliomba azikwe bara, ng'ambo ya kisiwa, mahali ambapo wapita njia wataliona kaburi na kukumbuka ni jambo gani lililowaleta. Akazikwa upande wa Nyali pamoja na mwanawe.

Wanafunzi wetu humjua Krapf kwa mengine. Alianza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili tarehe 8 Juni 1844, wiki tano kabla ya msiba huo, akisaidiwa na kadhi wa Mombasa. Tarehe 3 Desemba 1849 aliuona Mlima Kenya, na wanajiografia wa Ulaya hawakumwamini. Kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Yote hayo yanastahili heshima, hasa kwetu sisi tunaokula kwa kalamu ya Kiswahili. Lakini kila ninaposoma habari za wamisionari wa karne ya 19 huvutwa na swali jingine: nani aliyelipa? Mara nyingi mlipaji mkubwa hakuwa yule aliyeamua kwenda.

Rosine mwenyewe aliamua, hilo tusimnyang'anye. Alikwenda Misri kuolewa na mmisionari mwingine, na mchumba huyo akafa kabla ya harusi. Krapf, aliyekuwa ametoka Uhabeshi, alishauriwa na mwenzake kwamba huyo ndiye mke anayemfaa, na mwaka 1842 wakafunga ndoa Alexandria. Hivyo ndivyo ndoa nyingi za wamisionari zilivyopatikana wakati ule: barua, ushauri wa ndugu wa kanisa, kisha meli. Mwaka uliofuata, wakijaribu kurudi Uhabeshi kupitia pwani ya Bahari ya Shamu, Rosine alishikwa na uchungu wa uzazi kabla ya wakati wake, jangwani, hakuna mkunga wala nyumba. Mtoto alibatizwa Eneba, yaani chozi, akafa, akazikwa huko huko njiani. Baada ya siku chache mama alipandishwa tena juu ya mnyama, safari ikaendelea. Eneba hakuchagua kitu.

Baada ya kuwazika mke na mtoto wa pili, Krapf aliandika barua kwa waliomtuma, chama cha kimisionari cha Kianglikana cha CMS kule London. Aliwaambia wawajulishe marafiki kwamba sasa lipo kaburi la upweke katika pwani ya Afrika Mashariki, na kwamba kaburi hilo ni dalili kuwa vita vya imani vimeanza upande huu wa dunia. Barua hiyo imenukuliwa katika mahubiri kwa zaidi ya miaka 150. Mimi huisoma kwa moyo mzito. Naiona imani ambayo haikuyumba hata katika saa mbaya kuliko zote, na sina haki ya kuibeza. Naona pia mjane wa miaka 34, mgonjwa, asiye na ndugu wa kumwambia pole, ambaye njia pekee aliyobaki nayo ya kuomboleza ni kuugeuza msiba wake kuwa taarifa ya kazi. Angekuwa kijijini kwao Derendingen watu wangekaa naye matanga.

Chuo kilichomlea, Misheni ya Basel huko Uswisi, kilikuwa na utaratibu mkali kuhusu familia. Mmisionari hakuruhusiwa kuoa bila idhini ya kamati. Na kuanzia miaka ya 1850 wazazi waliokuwa Ghana au India walitakiwa kuwarudisha watoto wao Ulaya wanapofika umri wa kuanza shule, wakalelewe katika nyumba ya watoto pale Basel. Mtoto wa miaka sita alipandishwa meli, na mama yake huenda asimwone tena mpaka amekuwa kijana. Sababu zilikuwepo: homa ziliua watoto wengi, na shule za Kizungu hazikuwepo. Hata hivyo, ukimwuliza mtoto huyo wito wa wazazi wake ulikuwa nini, angekujibu kwamba ulikuwa ni kuachwa.

Hata David Livingstone, ambaye jina lake halikosekani Ujiji wala Bagamoyo, aliwapakia mkewe Mary na watoto wanne melini Cape Town mwaka 1852 kwenda Uingereza, yeye akaelekea bara. Waliishi huko zaidi ya miaka minne kwa kuhangaika, wakihama nyumba hadi nyumba, wakati sifa za baba zikipanda. Mary alikufa Shupanga, kando ya Zambezi, mwaka 1862. Mwana wao mkubwa, Robert, alipotelea katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mwaka 1864. Shujaa mwenyewe alikuja kujuta kwamba hakucheza na wanawe walipokuwa wadogo.

Turudi pwani ya Mombasa, kwenye vilima vya Rabai, maana huko ndiko umbali ulikotafuna watu polepole zaidi. Johannes Rebmann alitua Mombasa Juni 1846, kijana wa miaka 26 kutoka Gerlingen, kijiji cha Württemberg karibu na Stuttgart. Miezi miwili baadaye yeye na Krapf walipanda vilima vya Rabai, wote wawili wakitetemeka kwa homa, wakaanza kituo. Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro, na bingwa mmoja wa jiografia aliyekuwa London, William Desborough Cooley, ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akamkebehi hadharani. Krapf aliondoka mwaka 1853 kwa sababu ya afya. Mwenzao wa tatu, Johannes Erhardt, akaondoka mwaka 1855. Rebmann akabaki.

Alibaki miaka 29. Ukiacha safari ya Misri ya mwaka 1851, alikokwenda kuoa, na kipindi alichokaa Unguja akikimbia mashambulizi, maisha yake yote ya utu uzima yaliishia kwenye kilima kile. Mkewe, mmisionari mwenzake aliyemzidi umri, alimzalia mtoto mmoja wa kiume aliyeishi siku chache tu. Kabla Mfereji wa Suez haujafunguliwa mwaka 1869, barua ya Ulaya ilichukua miezi. Mtu aliandika habari za ugonjwa wa mama yake, na jibu lilipofika mama alikuwa amekwisha kuzikwa au amekwisha kupona. Mke wa Rebmann alifariki mwaka 1866. Macho ya Rebmann mwenyewe yakaanza kupotea, naye akaendelea na kamusi zake, akitegemea macho ya wengine. Bartle Frere, mwanadiplomasia wa Kiingereza, alipopita Rabai mwaka 1873 alimkuta mzee karibu kipofu, na waumini wachache mno.

Wengi wamemhukumu Rebmann kwa uchache huo. Mimi sithubutu. Lakini sitaki pia kumfanya yeye peke yake kuwa picha ya upweke wa Rabai, kwa sababu katika nyumba ile ile palikuwa na mtu mwingine aliyekuwa mbali na kwao zaidi yake.

Aliitwa Salimini. Alizaliwa upande wa Ziwa Nyasa, akakamatwa, akauzwa, akafika Mombasa kama mtumwa. Rebmann alipotamani kuijua lugha ya watu wa Nyasa alikaa na Salimini, akamwuliza neno baada ya neno: hiki kwenu kinaitwaje, na hiki, na hiki? Kamusi iliyotokana na vikao hivyo ilichapishwa mwaka 1877, ikisimamiwa na Krapf, baada ya Rebmann kufa. Hebu wafikirieni watu wawili hawa. Mmoja aliondoka kwao kwa hiari, ana chama kinachomtumia fedha, na akitaka kurudi kuna meli. Mwingine hana pa kurudi wala wa kumwandikia. Lugha ya mama yake haimsaidii kumsalimia yeyote pale, inamsaidia kujibu maswali ya mgeni tu. Kamusi ile, kwangu, ni kazi ya wakimbizi wawili wa aina tofauti, na mmoja tu ndiye aliyepewa jalada.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1864 walifika Rabai vijana waliolelewa Nasik, India. Walikuwa Waafrika, watoto walioibwa na wafanyabiashara wa utumwa, wakaokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakapelekwa India kusomeshwa. Kati yao walikuwamo William Jones, Myao, na Ishmael Semler. Walirudi Afrika kama wahubiri na walimu, lakini kurudi Afrika si kurudi nyumbani. Uyao uko mbali na Rabai, na wenyeji waliwaona kama wageni waliovaa suruali. Jones ndiye aliyefuatana na Askofu James Hannington katika safari ya mwaka 1885. Hannington, aliyekuwa amemwacha mke na watoto Uingereza, aliuawa Busoga Oktoba mwaka huo, na Jones akauongoza msafara uliobaki, watu wenye njaa na vidonda, mpaka Rabai. Hadithi ya askofu imejaa madirisha ya vioo makanisani. Ya Jones huipati mpaka uitafute.

Mwaka 1875 Rebmann alikubali kuondoka. Kijana wa Rabai, Isaac Nyondo, mwana wa Abe Gonja aliyekuwa miongoni mwa waumini wa kwanza, ndiye aliyemshika mkono hadi Ulaya. Napenda sana kisa hiki na sijui kwa nini hakisimuliwi zaidi. Mzungu aliyekuja kuwaonyesha watu njia anarudi kwao akiongozwa na kijana wa Kirabai, na sasa huyo kijana ndiye aliye ugenini, katika nchi ya baridi ambayo lugha yake hajui. Rebmann aliishi Korntal, karibu na rafiki yake Krapf, kwa muda mfupi tu. Alifariki Oktoba 1876. Mtu aliyetumia miaka 29 akijifunza kuishi Rabai hakupewa hata miaka miwili ya kujifunza tena kuishi Ujerumani.

Wamisionari Waafrika nao walilipa. Apolo Kivebulaya, Muganda, alivuka kwenda Mboga, ambayo leo iko Kongo, mwishoni mwa miaka ya 1890. Alipigwa, akafungwa, akarudi tena. Hakuoa tena baada ya kufiwa. Uzeeni aliingia msitu wa Ituri kwa Wambuti, na alipofariki Mei 1933 alikuwa ameagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, msituni, badala ya mashariki kuliko na kwao Buganda. Kwa Mwafrika wa kizazi chake, mtu anayejua ukoo wake unazikwa wapi, agizo hilo lilikuwa zito kuliko mahubiri yoyote aliyowahi kutoa.

Leo mwelekeo wa safari umegeuka. Shirika la Mitume wa Yesu, lililoanzishwa Moroto, Uganda, mwaka 1968, ndilo la kwanza la kimisionari la Kikatoliki kuzaliwa Afrika Mashariki kwa ajili ya Waafrika wenyewe, na watu wake wamekwisha kufika hadi Marekani. Mapadri wa majimbo ya Tanzania na Kenya wanahudumu parokia za Ujerumani. Wachungaji wa Kilutheri hubadilishana na makanisa rafiki ya Ulaya. Masista wetu wanatunza wazee huko ng'ambo. Homa haiwaui, na simu ipo. Kwa sababu simu ipo, tumejiaminisha kwamba umbali umekwisha.

Haujaisha. Padri aliyekulia katika nyumba ya watu kumi na wawili anapewa nyumba ya parokia yenye vyumba vingi, anakula peke yake, na wakati wa baridi giza linaingia saa kumi jioni. Jumapili anahubiri kwa wazee wenye adabu wanaompa mkono mlangoni na kwenda zao. Hakuna anayemwita aje kunywa chai bila miadi. Usiku simu inalia: mjomba anataka ada ya mtoto, binamu anataka mtaji, kwa maana yuko Ulaya na Ulaya kuna hela. Ni wachache wanaompigia kumwuliza amelalaje. Msiba ukitokea nyumbani anaufuata kwenye kioo cha simu, mtandao unakatika wakati wa kutupa udongo, na kesho asubuhi ana ibada ya ndoa ya watu asiowajua.

Na mama yake? Siku ya kumuaga kijana wake kanisa lilijaa, kwaya ikaimba, askofu akambariki, picha zikapigwa. Mama akapewa kitenge na kukaa kiti cha mbele. Baada ya hapo amebaki na kibao cha "mama padri", heshima inayomfanya aone aibu kusema kwamba paa linavuja na kwamba anamkumbuka mwanawe. Yeye ndiye Rosine wa leo kwa maana moja: jina lake linapita katika sentensi moja, kisha simulizi inaendelea na mwingine.

Vyama vya Ulaya vilichukua vizazi viwili hivi kukubali kwamba likizo ya nyumbani ni sehemu ya kazi, na kwamba mke na watoto si mizigo ya msafara. Sisi hatuna haja ya kungoja kiasi hicho. Jimbo au dayosisi inayotuma mtu iandike katika mkataba, pamoja na mshahara na bima, tiketi ya kuja kuzika mzazi, likizo ambayo hataipoteza kwa kuzunguka kuchangisha fedha, na jina la mtu wa parokia ya nyumbani mwenye kazi ya kwenda kwa wazazi kila mwezi, kukaa, kusikiliza, na kumwandikia mwana huko aliko hali halisi ya nyumbani bila kuipaka sukari.