Mbele ya kufukuza mpiga besi, pimeni gitare

Jumapili moja kule Kamituga tulikuwa ku kilio cha mwenzetu mmoja wa shimo. Kwaya iliimba, ngoma ilishika muzuri, lakini gitare ya besi ilikuwa inavuta wimbo mzima pembeni. Kijana akipiga uzi wazi, bila kukanyaga kidole, sauti ilikuwa sawa. Akianza kupanda shingoni, kila noti ilikuwa juu kidogo kuliko waimbaji. Mama mmoja kati ya wale wanaotwanga mawe alisema kwa nguvu: "Uyu mutoto alilewa?" Hakulewa. Tangu asubuhi alikuwa amekunywa paka chai.

Sisi wa sendika njo tulinunua ile besi, okazio, dola 180, kwa michango ya wachimbaji. Kwa hiyo juma lililofuata komite ilikaa. Wengine walitaka kijana aachwe, mwingine ashike nafasi yake. Wengine walisema gitare iuzwe kwa bei yoyote, tutoe pesa ingine ku mfuko tununue mpya. Na mfuko wenyewe ni ule ule unaonunua sanduku wakati shimo linabomoka, unaolipa hospitali ya mtu aliyevunjika mguu. Tulikuwa karibu kupiga kura. Mwenzetu mmoja akainuka akauliza: nani kati yenu alipima ile gitare?

Hakuna aliyeipima.

Kila mchimbaji anajua mizani inayodanganya. Ikiwa tupu, sindano iko ku ziro, na wote mnakubali ni sawa. Muweke mzigo kidogo, inadanganya kidogo. Muongeze, inazidi. Gitare yetu ilikuwa vile vile. Nyuzi wazi zilikuwa ku ziro: mi, la, re, sol, zote sawa. Uongo ulikuwa unaanza mutu akikanyaga kidole, na ulikuwa unakomaa kadiri anavyopanda. Watengenezaji wanaitaka jambo hili intonasio.

Sababu yake si uchawi. Freti, vile vyuma vya shingoni, vimepigwa mahali pake na havisogei. Freti ya 12, penye gitare nyingi huwa na alama mbili, iko ku nusu ya urefu wa uzi. Besi nyingi zina uzi wa sentimita 86 na nusu hivi, basi kutoka kichwani mpaka freti ya 12 ni sentimita 43 na kidogo. Kama hesabu ingekuwa hiyo tu, kazi ingekuwa imeisha. Lakini ukikanyaga uzi, unauvuta, na uzi uliovutwa sauti yake inapanda. Ili kulipa ule mvuto, uzi unapewa urefu kidogo zaidi upande wa nyuma, ku shevale, pale nyuzi zinapofungiwa. Juu ya shevale kuna vipande vinne vya chuma, ponte, kila uzi na ya kwake, na kila ponte ina visi ya kuirudisha nyuma ao kuileta mbele. Uzi wa mi, ule mnene, ponte yake kwa kawaida iko nyuma kuliko ya wenzake.

Kupima ni rahisi, na akordere iko mu telefone ya karibu kila mutu. Weka uzi wazi sawa kabisa. Kisha gusa uzi juu ya freti ya 12 kwa ncha ya kidole bila kukanyaga, piga, toa kidole: utasikia sauti nyembamba kama kengele. Sasa kanyaga pale pale, piga tena. Sauti hizo mbili zinapaswa kuwa moja. Ikiwa ile ya kukanyaga iko juu, uzi ni mfupi: rudisha ponte nyuma, mbali na shingo. Ikiwa iko chini, leta ponte mbele. Kila ukiisogeza, anza tena kuweka uzi wazi sawa, juu ya ule umekwisha kubadilika. Na legeza uzi kidogo mbele ya kuzungusha visi, ama utaila meno.

Telefone ina udhaifu moja: mi ya besi ni mitetemo 41 tu kwa sekunde, na telefone nyingi haziisikii muzuri. Tumia ile sauti ya kengele ya freti ya 12, inafika 82, sindano inatulia. Tena shika gitare kama unavyoipigaka, haiko kulala ku meza, na kanyaga kwa nguvu yako ya siku zote. Mutu akikanyaga kama anavunja jiwe, sauti inapanda hata ku gitare ya bei kali.

Hayo yote tuliyasikia kwa watu, na tukayafanya vibaya. Tulishika turnevisi, tukarudisha ponte ya mi nyuma, nyuma, nyuma, mpaka resori yake ikajikunja kabisa na visi ikakataa. Bado ilikuwa juu. Ku la vile vile. Na noti za karibu na kichwa hazikubadilika hata kidogo. Hapo njo tulifunga gitare mu blanketi, tukaipandisha gari mpaka Bukavu. Wenye wanajua ile barabara wakati wa mvua hawana haja tuwaelezee.

Ku Kadutu kuna mzee anayetengeneza maredio, maampli na magitare. Aliitazama kwa kuiweka ku jicho kama bunduki, akacheka. "Munazungusha visi ya nyuma juu ya nini, na shingo yenyewe ilipinda? Mutu anawekaka mulango mbele ya kusimamisha ukuta?" Akatuambia besi haikuwa na ugonjwa moja, ilikuwa na tatu, na intonasio ni ya kutengenezwa mwisho, haiko ya kwanza.

Ya kwanza ilikuwa nyuzi. Zilikuwa nzee, zilishachemshwa mara mbili. Kuchemsha kunatoa uchafu na mafuta ya vidole, ni kweli, lakini hakunyooshi uzi uliolika pale unapogonga freti. Uzi wa namna hiyo haukubali kupimwa: leo unasema hivi, kesho vile, na ukisikiliza muzuri unatoa sauti mbili zinazogombana. Tukanunua mpya, nyuzi nne. Mzee akabonyeza kila moja kwa kidole mbele tu ya ponte ikae moja kwa moja, haiko kupinda kama daraja.

Ya pili, shingo. Miezi mine gitare ililala mu nyumba yenye unyevu, nyuzi zikiivuta, ikapinda mbele. Nyuzi zikawa juu sana, na kila kukanyaga kukawa kuvuta. Alitupimia hivi: kanyaga uzi ku freti ya kwanza na ku ya mwisho kwa mara moja, tazama pale ku ya 7. Nafasi inapaswa kuenea kadi moja ya karatasi ngumu, si zaidi sana. Yetu ilikuwa inapitisha sarafu. Mu shingo mna chuma kirefu kinachokazwa kwa ufunguo wa pembe sita. Alikaza robo ya mzunguko, akangoja, akapima tena, robo ingine. Hakukubali sisi tuguse. Ile chuma ikikatika, alisema, mnaweza kupikia shingo hiyo. Kisha alishusha ponte mpaka nyuzi zikawa milimita 2 na nusu hivi juu ya freti ya 12.

Ya tatu hatungeiona sisi wenyewe. Kule kichwani, kuna kakipande keupe kenye mifereji mine, sile, ambako nyuzi zinapita. Mwenye gitare wa kwanza alikuwa amekabadilisha, akaweka karefu. Dalili yake ni hii: noti za freti ya 1, 2 na 3 zinapanda sana, hata kama ya 12 iko sawa, na hakuna ponte itakayoziponya. Kanyaga uzi ku freti ya 3, tazama juu ya ya 1: panapaswa kubaki nafasi ya karatasi tu. Mzee alichimba mifereji kwa kalima kadogo, taratibu, akipima kila mara, kwa sababu ukizidisha uzi unalia ku freti na hakuna kurudisha.

Njo hapo alirudi ku zile visi tulizotesa. Ponte ya mi aliileta mbele karibu milimita 4 kutoka pale tulipoikwamisha. Dakika 20 hazikufika, nyuzi zote nne zikasema kweli. Sindano ilibaki ikicheza kidogo ku freti zingine. Akasema wacha, hakuna gitare yenye freti iliyo sawa mahali pote. Alishusha pia mikro kidogo upande wa mi, juu ya sumaku ikiwa karibu sana inavuta uzi na kuharibu sauti ya juu ya shingo.

Watu wa myaka ingine hawakuwa na taabu hii. Jean-Bosco Mwenda, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, leo Likasi, mu 1952, alipiga gitare moja kavu na gumba lake njo lilikuwa besi. Siku hizi besi ina mutu wake, na lawama zake pia.

Nyuzi na kazi ya mzee pamoja zilikula dola 34. Tuliziandika mu kitabu cha mfuko, ukurasa mmoja na sanduku la mwezi ule. Kura haikupigwa tena. Kijana tulimuomba samahani mbele ya kwaya. Alikubali, lakini akaomba turnevisi ibaki kwake. Besi sasa inalala mbali na ukuta wenye maji na mbali na makaa, na nyuzi zikibadilishwa ananunua za unene ule ule. Mvua ya kwanza ikinyesha, anakanyaga ku freti ya kwanza na ya mwisho, anatazama ya 7.