Mshauri mmoja, wanafunzi karibu mia nne

Machi 1968, maelfu ya wanafunzi wa sekondari za mashariki ya Los Angeles, wengi wao wenye asili ya Meksiko, walitoka madarasani na kuandamana. Katika shule za Garfield, Roosevelt na Lincoln malalamiko yalifanana: wavulana walisukumwa karakana, wasichana ukarani, na chuo kikuu hakikutajwa. Sal Castro, mwalimu aliyewaunga mkono, alikamatwa.

Siku hizi si rahisi mshauri wa shule kumwambia kijana wa Kilatino (mwenye asili ya Amerika ya Kilatini) waziwazi kwamba chuo hakimfai. Kinachomkwamisha sasa ni foleni. Chama cha washauri wa shule nchini Marekani kinapendekeza mshauri mmoja ahudumie wanafunzi 250. Mwaka wa masomo 2022/23 wastani wa taifa ulikuwa 385. Mshauri huyohuyo hupanga ratiba, husaidia kusimamia mitihani na humkimbilia mtoto aliyefiwa. Masuala ya chuo husubiri dakika zitakazosalia.

Kwa mtoto wa wakili, pengo hilo huzibwa nyumbani mezani, wakati wa chakula. Mtoto wa mhamiaji ambaye wazazi wake hawakufika chuo hana meza hiyo. Ofisi ya mshauri ndiyo tegemeo lake. Wazazi wengi wa Kilatino humheshimu mwalimu na kuamini kwamba shule ndiyo inayojua. Wasipoonekana kikaoni husemwa hawajali, kumbe mama yuko kazini zamu ya usiku, na barua ya mwaliko iliyoandikwa kwa Kiingereza ilisomwa na mtoto mwenyewe.

Tatizo huanza mapema. Huko California, cheti cha kumaliza sekondari peke yake hakimwingizi mtu chuo kikuu cha jimbo. Lazima awe amefaulu masomo 15 yaliyoainishwa, ikiwemo hisabati ya miaka mitatu. Asiyepangiwa masomo hayo tangu darasa la tisa huja kushtuka darasa la kumi na mbili, muda umekwisha. Kimbilio lake huwa chuo cha jamii cha miaka miwili. Ada yake ni nafuu na kimewainua wengi, lakini wengi zaidi huingia wakikusudia kuhamia chuo kikuu na hawafiki.

Kisha kuna fedha. Fomu mpya ya msaada wa serikali ya shirikisho ilipotolewa mwishoni mwa Desemba 2023, wanafunzi raia wa Marekani ambao wazazi wao hawana namba ya hifadhi ya jamii walikwama, kwa sababu mfumo haukuwapokea wazazi hao. Marekebisho yalichukua miezi, huku tarehe za mwisho zikikaribia.

Wapo waliopenya kwa bahati. Jaji Sonia Sotomayor, binti wa familia ya Puerto Rico aliyelelewa Bronx, ameeleza kwamba rafiki aliyemtangulia Chuo Kikuu cha Princeton ndiye aliyemhimiza kuomba vyuo vya hadhi hiyo. Alijiunga na Princeton mwaka 1972; mwaka 2009 aliapishwa kuwa jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani. Lakini bahati ya mtu mmoja si sera. Mradi wa Puente, ulioanzia Chuo cha Chabot huko Hayward mwaka 1981, ulichukua njia nyingine: mshauri na mwalimu wa uandishi hulea kundi lilelile la wanafunzi, na watu wa jamii waliokwisha kusoma huwa walezi wao. Hapo mshauri anamjua mwanafunzi kabla ya kumwelekeza.

Funzo hili linazihusu pia familia zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo za wakimbizi kutoka Kongo, zilizohamia Marekani. Mtoto akiingia darasa la tisa, nendeni shuleni mkaulize: masomo aliyopangiwa yanamfikisha chuo kikuu? Msaada wa ada huombwa lini? Na msikubali mtoto awe mkalimani wa kikao hicho. Shule ya umma inawajibika kisheria kuzungumza na mzazi kwa lugha anayoielewa. Daini haki hiyo.