Gumba na Spuli: Kuchagua na Kujifunza Rili ya Kurushia Mawimbini

Uvuvi wa ufukoni, yaani ule ambao mvuvi husimama mchangani au majini hadi magotini na kurusha ndoana yake kupita pale mawimbi yanapovunjika, hutegemea kifaa kidogo kinachofungwa kwenye ufito wa kuvulia na kuitwa rili. Rili huhifadhi mshipi, huuachia utoke wakati chubwi linaporushwa, kisha huurudisha samaki akinasa. Na namna inavyouachia mshipi ndiyo inayozigawa rili katika jamii mbili. Katika rili ya spuli tuli, ambayo Alfred Illingworth wa Uingereza aliipatia hataza mwaka 1905, spuli, yaani kigurudumu kinachozungushiwa mshipi, haizunguki wakati wa kurusha, bali mshipi huchomoka kwa miviringo kupitia ukingo wake. Katika rili ya spuli inayozunguka, ambayo ni kongwe zaidi na ndiyo inayojadiliwa hapa, mshipi hunyooka moja kwa moja kutoka kwenye spuli inayozunguka kwa kasi, na humo ndimo zinamotoka sifa zake na taabu zake pia.

Mtengeneza saa George Snyder, wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky nchini Marekani, hutajwa kuwa miongoni mwa waanzilishi wa rili hizi, kwani mwanzoni mwa karne ya 19 alitengeneza rili zenye gia zilizoifanya spuli izunguke mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa mkono wa rili. Ndiyo sababu Waingereza huziita kwa jina lenye maana ya kizidishi. Baada ya hapo kampuni ya Penn, iliyoanzishwa na Otto Henze mjini Philadelphia mwaka 1932, ilizifanya rili za aina hii kuwa kifaa cha wavuvi wa kawaida wa fukwe za Atlantiki, na katika miaka ya 1950 kiwanda cha Abu cha Svängsta, Uswidi, kilitoa rili za Ambassadeur, ambazo zilikuwa na breki za ndani za kumsaidia mrushaji.

Mahali ambapo rili hii bado inaheshimiwa kuliko nyingine ni Rasi ya Hatteras, katika visiwa vya mchanga vya North Carolina. Huko, katika majira ya machipuko na ya vuli, hupita samaki mkubwa wa jamii ya Sciaenidae, ambaye wenyeji humwita red drum kwa sababu ya rangi yake na mlio wake unaofanana na ngoma. Na mkubwa kuliko wote walioingia katika rekodi za dunia, mwenye uzito wa kilo 42.69, alivuliwa na David Deuel huko Avon tarehe 7 Novemba 1984. Samaki huyu hula ng'ambo ya mafungu ya mchanga, mkondo ni mkali, na wavuvi hulazimika kurusha chubwi la risasi la gramu 225 pamoja na kipande kikubwa cha samaki kama chambo, kwa ufito wenye urefu unaokaribia mita 4. Mzigo kama huo humtesa mtumiaji wa spuli tuli, kwa kuwa mshipi hushikiliwa kwa kidole kimoja cha shahada ambacho huweza kukatwa, ilhali katika rili ya spuli inayozunguka gumba hukandamiza spuli yote, na mshipi haupindi kona yoyote unapovutwa chini ya uzito wa samaki.

Katika mwambao wa Kenya na Tanzania uvuvi wa namna hii haukuota mizizi, na sababu iko wazi: sehemu kubwa ya mwambao huo imezungukwa na miamba ya matumbawe inayoyavunja mawimbi mbali na ufuko, hivyo mvuvi mwenye ngalawa na mshipi wa mkono humfikia samaki bila kurusha kitu. Hata hivyo, ndugu wakubwa wa rili hii wanajulikana vyema Malindi, Watamu na Shimoni, ambako hutumika katika boti za uvuvi wa michezo kwa kukokota chambo cha nduaro na jodari.

Ili kuchagua vizuri, ni lazima kwanza kuelewa kwa nini mshipi husokotana. Mrushaji anapoliachia chubwi, spuli hupata kasi kubwa kwa muda mfupi mno. Baada ya hapo hewa hulipunguzia chubwi mwendo, lakini spuli, ambayo ina uzito wake na haina kitu cha kuizuia, huendelea kuzunguka kwa kasi ileile, na hivyo kutoa mshipi mwingi kuliko unaohitajiwa na chubwi. Mshipi huo wa ziada hauna pa kwenda ila kurudi ndani ya rili, ukafungana katika msokotano ambao huchukua nusu saa kuufumua, na wakati mwingine huufanya mshipi ukatike na chubwi kuruka peke yake kama risasi ya bunduki, ndiyo maana hakuna mtu anayepaswa kusimama mbele au kando ya anayerusha.

Watengenezaji wamelitafutia tatizo hili dawa za aina tatu. Ya kwanza ni vipande vidogo vinavyoteleza kwenye pini ndani ya rili, ambavyo spuli inapozunguka husukumwa nje na kukwaruza ukingo wa bati. Kwa kuwa msukumo huo huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi, breki hii hubana zaidi mwanzoni mwa mrusho, ambapo hatari ni kubwa, na hulegea yenyewe baadaye. Ya pili ni sumaku, ambazo hazigusi spuli hata kidogo, bali huzalisha ndani ya metali yake mikondo ya umeme inayopinga mzunguko, na faida yake ni kwamba hurekebishwa kwa kitufe cha nje upepo unapobadilika. Ya tatu ni mafuta mazito kiasi katika beringi za spuli, dawa nyepesi ambayo wanafunzi wengi huidharau ingawa hufanya kazi vizuri sana.

Kwa hiyo kipimo kinachopendwa madukani, cha kuipiga spuli kwa kidole na kuhesabu inazunguka kwa sekunde ngapi, humpotosha mnunuzi mgeni, kwa sababu spuli inayozunguka muda mrefu kuliko zote ndiyo iliyo ngumu kuitawala kuliko zote. Anayeanza atafute rili yenye breki ya sumaku au ya vipande, spuli nyepesi ya alumini isiyokuwa pana sana, nafasi ya mshipi wa mita 250 au zaidi wenye nguvu ya kilo 8 au 9, na fremu ngumu isiyopinda. Kifaa kinachotembea mbele ya spuli ili kuupanga mshipi ni rafiki wa anayeanza, lakini hupunguza umbali na hunasa mchanga kwa urahisi. Wazoefu wa Hatteras huupanga mshipi kwa gumba, nayo ni kazi ambayo mkono huizoea kwa siku chache.

Mafunzo huanza kabla ya kufika majini. Spuli isijazwe hadi ukingoni, bali iachwe milimita 2 au 3, maana ikijaa kupita kiasi hutema mshipi mapema. Mbele ya mshipi mkuu hufungwa mshipi wa kinga, ambao ni mnene na hubeba mshtuko wa kurusha: kwa chubwi la gramu 225 hutakiwa uwe na nguvu ya kilo 36 hivi, uzungushwe walau mara tano au sita kwenye spuli, na fundo lake likae upande usioguswa na gumba, la sivyo litaichana ngozi. Mshipi wa nailoni wa uzi mmoja unafaa zaidi kwa anayejifunza kuliko ule uliosukwa, ambao hujichimbia chini ya wenzake na kulikata gumba.

Kisha mwanafunzi huenda uwanjani au ufuko usio na watu, akiwa na chubwi la gramu 150 bila ndoana, breki zikiwa zimebana kabisa. Hurusha mara moja kwa upole, huvuta mita 10 nyingine za mshipi kwa mkono, hubandika kipande cha utepe wa umeme juu ya mshipi uliobaki, halafu hurudisha. Tangu hapo msokotano wowote hukomea kwenye utepe na hauwezi kuzama hadi chini ya spuli. Kosa la karibu kila mwanafunzi ni kurusha kwa hasira, yaani kuupiga ufito ghafla, ilhali ufito huu hutaka kuanzwa taratibu na kuongezewa kasi hadi mwisho wa mwendo. Gumba hushika spuli bila kuteleza mpaka chubwi linapoachiwa, hukaa juu yake bila kugusa wakati chubwi likiruka, na huikandamiza tena kabla tu chubwi halijagusa maji. Mrusho ukienda sawa mara 20 mfululizo, breki hulegezwa hatua moja, si mbili.

Linalobaki ni dragi, yaani breki inayomruhusu samaki kuvuta mshipi bila kuukata. Katika rili nyingi hurekebishwa kwa gurudumu lenye umbo la nyota chini ya mkono wa rili, na hupimwa kwa mizani ya kuning'iniza: kwa mshipi wa kilo 9, dragi huachia kati ya kilo 2 na 3. Huko North Carolina sheria humruhusu mvuvi kubaki na red drum mmoja tu kwa siku, mwenye urefu kati ya sentimita 46 na 69 hivi, na wakubwa wote hurudishwa majini. Kwa hiyo rili yenye gia imara, inayomfikisha samaki mchangani mapema kabla hajachoka kupita kiasi, humwezesha kuogelea tena akiwa na nguvu pale mvuvi anapomshikilia katika maji ya kina kifupi, kichwa kikielekezwa kwenye wimbi linalokuja, mpaka apige mkia mwenyewe na kuondoka.