Safari ya Nyikani

Siku hizi wako watu wapandao baisikeli peke yao kuvuka jangwa, ili wapate sadaka za maskini. Nasi wa Usambara tuikumbuke safari ya zamani. Mwaka 1844 Ludwig Krapf aliwazika mkewe na mtoto wake karibu na Mombasa, wala hakurudi kwao wakati ule. Mwaka 1848 aliivuka nyika kavu kwa miguu, pamoja na wachukuzi wachache, akafika kwa mfalme Kimweri kuomba nafasi ya walimu. Akakubaliwa. Lakini alikufa mwaka 1881. Kazi ya Mlalo ilianza 1891. Basi, mwalimu mwenye wanafunzi wachache, usizimie moyo: huenda mvunaji angali mtoto mbele yako.