Kipaji Pekee Hakijazi Chungu: Funzo la Gofu kwa Manahodha wa Lamu

Kila Tamasha la Utamaduni la Lamu linapowadia, aghalabu katika mwezi wa Novemba, watu hujaa gatini na kwenye ukuta wa bahari kuyatazama mashindano ya mashua. Nahodha hushika usukani, mabaharia hujitupa upande wa joshi ili chombo kisipinduke, tanga hujaa upepo, na kijiji kizima hukishangilia chombo chake kana kwamba heshima ya ukoo imo ndani yake. Mshindi hupewa zawadi, hupigiwa vigelegele, na habari yake huishia hapo. Keshoye hurudi kuvua, au kutafuta watalii wa kuwatembeza Manda na Shela. Swali ninalotaka kulitua mbele ya msomaji ni hili: kwa nini ustadi mkubwa kiasi hicho haumpi mwenyewe kazi ya maisha?

Ili kulijibu, naomba ruhusa tusafiri mbali kidogo, hadi Scotland, na tuingie katika mchezo wa gofu. Najua wengi watashangaa. Gofu na jahazi vina uhusiano gani? Lakini huko alizaliwa mtu ambaye mwanzo wake haukutofautiana sana na mwanzo wa kijana wa Matondoni.

Jina lake ni James Braid. Alizaliwa tarehe 6 Februari 1870 katika kijiji cha Earlsferry, kando ya bahari, katika jimbo la Fife. Baba yake alikuwa kibarua wa kulima kwa plau. Braid aliacha shule akiwa na umri wa miaka 13, akatiwa katika useremala. Gofu aliijua kwa sababu ilichezwa papo hapo kijijini, juu ya nyasi za mchangani ambazo hazikufaa kwa kilimo. Watoto wa maskini waliupata mchezo huo kama watoto wa Lamu wanavyopata kuogelea na kupiga kasia: hawakufundishwa rasmi, waliukuta tu.

Kilichomtoa kijijini ni ule useremala wake. Mwaka 1893 alikwenda London kufanya kazi ya kutengeneza fimbo za gofu katika duka moja kubwa. Mwaka 1896 klabu ya Romford ikamwajiri awe mchezaji wake wa kulipwa. Mwaka 1901 akashinda mashindano makuu ya Uingereza yaliyofanyika Muirfield, akayashinda tena mwaka 1905, 1906, 1908 na 1910. Alikuwa mtu wa kwanza kuyatwaa mara tano, na zote tano alizipata katika muda wa miaka kumi.

Hapa ndipo penye funzo, nami nataka msomaji alishike vyema. Zawadi ya mshindi siku zile ilikuwa paundi chache, wala mtu hawezi kuoa na kulea kwa kombe la fedha. Kilichomlisha Braid ni kazi yake ya kila siku. Tangu mwaka 1904 aliajiriwa na klabu ya Walton Heath, kusini mwa London, na alidumu hapo hadi alipofariki mwaka 1950. Hiyo ni miaka 46 kwa mwajiri mmoja. Alikuwa na karakana ya kutengeneza na kuuza fimbo. Alifundisha wanachama kucheza. Aliitwa huku na huko kubuni viwanja, na vile vya Gleneagles vyasifiwa hadi leo. Ushindi ulimjengea jina, jina likamletea kazi, na kazi ikampa mkate.

Juu ya hayo palikuwa na chama. Mwaka 1901 Braid na wenziwe, akiwamo J. H. Taylor, waliunda chama cha wachezaji wa kulipwa ili watetee masilahi yao. Walikuwa na sababu. Klabu za mabwana ziliwatukuza uwanjani, kisha nyingi ziliwafungia mlango wa jumba la wanachama, kwa kuwa walihesabiwa kuwa watumishi. Heshima haikuja kwa kuombwa. Ilikuja polepole, hata klabu kongwe ya St Andrews ikamfanya Braid mwanachama wa heshima katika uzee wake. Na jambo la kuchekesha ni kwamba mwana huyu wa pwani hakuivumilia bahari. Kichefuchefu cha safari kilimzuia kwenda ng'ambo mara nyingi. Nahodha wa Kizingitini angemcheka!

Msomaji asidhani haya ni ya Wazungu tu. Hapa kwetu Kenya, wengi wa wachezaji wetu wa gofu wa kulipwa walianza kwa kubebea wengine mikoba ya fimbo. Dismas Indiza, mmoja wa wanaojulikana zaidi, alianzia hivyo Mumias. Hakurithi klabu wala shamba. Alikuta njia imechongwa, akaifuata.

Sasa turudi visiwani. Je, Lamu imepungukiwa na nini? Si ustadi. Mafundi wa Matondoni wangali wanajua kuunda chombo kwa jicho na mkono, bila ramani ya karatasi. Mwaka 2018 fundi Ali Skanda na wenzake walishusha majini mashua ya Flipflopi, iliyoundwa kwa plastiki zilizotupwa na kuvikwa kandambili kuukuu, na mwaka 2019 ikasafiri hadi Unguja. Dunia nzima ilipiga makofi. Mji wa kale wa Lamu nao uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2001. Basi majumba ya mawe yana sheria ya kuyalinda, lakini mikono inayoshika tezo na usukani haina.

Mikono hiyo imeachiwa rehema ya mambo isiyoyatawala. Wageni walipotekwa nyara Kiwayu na Manda mwaka 2011, watalii walikimbia. Baada ya mauaji ya Mpeketoni mwaka 2014 walikimbia tena. Mwaka 2020 korona ikafunga viwanja vya ndege. Mara zote tatu nahodha alikunja tanga, akaketi. Bandari mpya nayo, ambayo gati lake la kwanza lilifunguliwa mwaka 2021, imebadili maji ya uvuvi, hata Mahakama Kuu mjini Malindi ikaamuru mwaka 2018 kwamba wavuvi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Mashine nazo zinachukua nafasi ya tanga. Kijana anayeyaona yote hayo ana haki ya kuuliza: nijifunze kupiga bisho ili nile nini?

Wapo wazee watakaosema kwamba mashindano ya mashua ni mila, na kwamba fedha zikiingia zitaiharibu. Hofu yao si ya bure. Lakini mila isiyomlisha mwenyewe hubakia picha ya kuwauzia wageni, na picha haina mrithi. Gofu ya Scotland haikufa kwa kuwa seremala alilipwa. Ilienea duniani kwa sababu hiyo.

Mambo matatu yanawezekana. Kwanza, mashindano yasiwe ya siku moja kwa mwaka. Yawe ya msimu mzima, yazunguke Shela, Matondoni, Faza na Kizingitini, kila nahodha akusanye pointi, na jina lake lijulikane. Pili, Katiba ya mwaka 2010 imezikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini pamoja na shughuli za utamaduni. Basi kaunti iajiri fundi wa majahazi na nahodha wawe walimu wenye mshahara, watoe vyeti, na wawe na karakana inayopokea kazi. Tatu, manahodha waunde chama chenye nguvu, kizungumze na mahoteli juu ya ujira na bima. Mahoteli ambayo hupamba matangazo yake kwa picha ya tanga jeupe yana wajibu wa kuchangia gharama ya tanga hilo.

Wahenga walisema kwamba dau la mnyonge haliendi joshi. Ni kweli, likiachwa peke yake. James Braid alikuwa mnyonge wa Earlsferry, akenda joshi kwa sababu alipata karakana, mwajiri na chama. Nahodha wa Lamu kipaji anacho tayari. Yaliyobaki ni deni letu sisi wengine, na laiti tungelilipa kabla wanaojua hawajatutoka.