Matongo ya Banalia: magofu yasiyo na jiwe

Wenzangu, juzi mmoja wetu alituma picha za Tikal kule Guatemala, piramidi za Wamaya zinachungulia juu ya miti, akauliza: "Na sisi hapa Tshopo, pori lote hili, hakuna kitu?" Nimetembea kwa miguu mara kadhaa ndani ya pori la Banalia, basi acha nijibu.

Kitu kiko. Ila si jiwe.

Wamaya walijenga kwa mawe ya chokaa, na Waswahili wa Gedi huko Kenya kwa mawe ya matumbawe, ndiyo maana kuta zao zinasimama bado ndani ya msitu. Wazee wetu wa kando ya Aruwimi walijenga kwa miti, udongo na majani. Watu wakihama, mchwa na mvua vinamaliza nyumba kwa miaka michache. Kinachobaki ni tongo. (Mtu wa pwani atacheka, kwake matongo ni uchafu wa macho, kwetu ni mahali palipokuwa kijiji.)

Utalijuaje? Angalia michikichi. Mchikichi unataka jua, mche wake haukui vizuri katika giza la miti mikubwa. Sasa umetembea saa tatu toka barabarani, pori zito kabisa, unakuta michikichi mirefu, myembamba, imesongwa na miti mingine: hapo zamani palikuwa peupe. Lakini usikimbilie kusema, maana wanyama na ndege nao hubeba mbegu. Tafuta alama ya pili: misafu, makaa kwenye udongo wa ukingo wa kijito, vigae vya vyungu. Mti ulioangushwa na upepo ni rafiki mkubwa, mizizi yake imekuchimbia bure.

Na matongo mengi si ya watu wa kale sana. Wakati wa ukoloni Wabelgiji walihamisha vijiji, wakavipanga kando ya barabara ili kodi na kazi za lazima zisimamiwe kwa urahisi. Kwa hiyo mzee anaweza kukutajia tongo kwa jina, na nani alizikwa pale.

Banalia penyewe pameingia vitabuni kwa sababu nyingine. Mwaka 1887 Stanley, akienda kumtafuta Emin Pasha, aliacha kundi la nyuma Yambuya chini ya Meja Barttelot, lingoje wapagazi wa Tippu Tip. Wakangoja karibu mwaka mzima. Wengi wao walikuwa watu wa Zanzibar, na wakafa wengi mno kwa njaa na magonjwa. Stanley mwenyewe aliandika kwamba muhogo usioandaliwa vizuri uliwaua. Yaani mama yeyote wa hapa angewaambia: muhogo mchungu unalowekwa siku kadhaa! Barttelot alipigwa risasi Banalia tarehe 19 Julai 1888, Stanley akarudi hapo tarehe 17 Agosti. Mpaka leo habari hiyo inasimuliwa kama ya maofisa watano Wazungu.

Lakini kinachonisumbua zaidi ni cha sasa. Dekreti ya tarehe 2 Agosti 2014 inaruhusu jamii kuomba msitu wake, hadi hekta 50,000, kama inaumiliki kwa desturi. Utaonyesha vipi desturi? Kwa matongo, makaburi, majina ya vijito. Kijiji kilichochora matongo yake kwenye ramani kina neno la kusema mbele ya kampuni ya mbao. Wakati huohuo wachimbaji wa dhahabu wanageuza udongo kando ya Aruwimi, na wazee wanaojua majina wanaondoka mmoja mmoja. Sisi wenye diploma tunakaa Kisangani tunatafuta mada ya memwari!

Ukitaka kwenda, nenda miezi ya mvua kidogo, Januari au Februari. Anza kwa chifu, usianze kwa pori. Tafuta mwindaji akuongoze, na mzee kama miguu yake inakubali. Kigae usikitoe: weka kisu au kalamu pembeni ili ukubwa uonekane, piga picha, andika namba za mahali toka kwenye simu, kirudishe kilivyokuwa. Halafu, tafadhali, namba hizo usizibandike Facebook. Mpe chifu kwa karatasi, nakala moja ibaki kwako.