Bastola Inayojijaza Yenyewe

Wiki hii najibu barua. Msikilizaji mmoja wa Kahama, mnunuzi wa dhahabu anayemiliki bastola kwa kibali, anasema silaha yake imeanza tabia ya kutofunga sawasawa. Akikoki, slaidi, yaani kile chuma cha juu kinachovutwa nyuma, inarudi mbele lakini inasimama ikiwa imebakiza nafasi ya unene wa sarafu, mpaka aigonge kwa kiganja. Rafiki yake amemwambia dawa yake ni springi nyepesi, kama zile wanazotumia wanamichezo wa kulenga shabaha. Anauliza kama ni kweli.

Si kweli. Springi nyepesi itauzidisha ugonjwa huo. Lakini nataka tuelewane kwa nini, maana ndani ya jibu hilo limo jambo jingine ambalo hakuliuliza, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kubwa zaidi.

Wengi wetu tuliokulia upande huu wa Shinyanga na Geita, bunduki ya kwanza kuiona ilikuwa gobole. Gobole hushindiliwa baruti na vyuma kupitia mdomoni, likavishwa fataki, likapigwa. Likishapiga limekwisha. Hata ukimpa mtoto alichezee wakati huo ni mti na chuma tu, mpaka mwenyewe akae chini aanze kushindilia upya. Bastola ya kisasa ni kinyume kabisa: ikishapiga, imejijaza tena. Kazi hiyo hufanywa na slaidi na springi, bila kumwomba mwenye nayo ruhusa.

Fataki inapowaka, moshi wa baruti husukuma risasi mbele na ganda nyuma. Katika bastola nyingi za milimita 9, mtutu na slaidi huwa vimefungamana, hivyo vyote viwili hurudi nyuma kwa pamoja milimita chache. Kisha mtutu hushuka na kubaki, na slaidi huendelea peke yake. Huvuta ganda na kulirusha nje, huku ikibana springi iliyo chini ya mtutu. Ikifika mwisho, springi inadai haki yake. Husukuma slaidi mbele, slaidi nayo hukwangua risasi mpya kutoka kwenye magazini na kuiingiza chemba. Safari yote hiyo, kwenda na kurudi, haichukui hata sehemu moja ya kumi ya sekunde.

Sasa kuna springi ya pili. Bastola za aina ya msikilizaji wetu hazina nyundo ya kuonekana kwa nyuma. Ndani yake mna sindano nene ya chuma inayoigonga fataki, na mafundi huiita straika. (Si yule wa Simba wala Yanga, ingawa kazi yao inafanana.) Straika ina springi yake, na slaidi inapokaribia kufunga, straika hunaswa na ndoano ya triga, kwa hiyo springi yake huanza kubanwa na kuisukuma slaidi irudi nyuma. Springi kubwa inavuta kwenda mbele, ndogo inavuta kwenda nyuma. Ile kubwa lazima ishinde, na ishinde kwa nafasi ya kutosha kulibeba na vumbi.

Mvutano huu si wa jana. Mmarekani John Browning, katika bastola yake iliyotengenezwa Ubelgiji na kupewa jina la mwaka 1900, aliukwepa kwa kuifanya springi moja ibebe kazi zote mbili. Gaston Glock wa Austria, ambaye kabla ya silaha alitengeneza hata vyuma vya mapazia, alitumia mbili, na bastola yake ikachukuliwa na jeshi la nchi yake mwaka 1982. Katika Glock straika hubanwa kiasi tu slaidi inapofunga, na kidole kinapovuta triga ndicho kinachomalizia.

Wanamichezo je? Wao hupiga risasi dhaifu kwa makusudi. Katika mashindano ya IPSC, chama kilichoanzishwa Marekani mwaka 1976, uzito wa risasi huzidishwa kwa mwendo wake, na daraja la chini linataka hesabu ifike 125 kwa vipimo vyao. Nyingi za dukani huzidi hapo. Mshindani hujitengenezea risasi inayozidi kidogo tu ili bastola isiruke mkononi, kwa kuwa alama zake hugawanywa kwa sekunde alizotumia. Risasi dhaifu haina nguvu ya kuisukuma slaidi yenye springi nzito mpaka mwisho, ndiyo sababu huipunguza. Tena husafisha silaha mara kwa mara, na ikikwama anapoteza kombe.

Mnunuzi wa dhahabu hashindanii kombe. Yeye anapita kwenye makarasha, penye unga wa mawe unaoingia hata ndani ya saa. Akiweka springi nyepesi na risasi zake za kawaida, slaidi itagonga nyuma kwa kishindo, na ikirudi haitakuwa na nguvu ya kuushinda uchafu na springi ya straika. Nadhani kwake kuna moja kati ya mawili: springi imechoka, au amemwaga mafuta mengi yakachanganyika na vumbi yakawa uji. Tundu la straika hasa hutakiwa liwe kavu. Aipeleke kwa fundi mwenye leseni, awekewe springi ya kiwanda.

Nabaki na lile jambo ambalo hakuliuliza. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka kibali cha kumiliki, lakini kibali hakimfundishi mtu tabia ya springi. Watu wengi huamini wakishatoa magazini bastola imekuwa tupu, kama gobole lililokwisha kupiga. La hasha. Ile risasi ambayo slaidi ilikwisha kuiingiza chemba bado imo, na kwa kuwa hakuna nyundo ya kutazama, kwa nje haijionyeshi wazi.

Mpangilio ndio unaookoa. Elekeza mdomo pasipo na mtu, toa magazini kwanza, ndipo uvute slaidi, uishike nyuma, utazame chemba na kuipapasa kwa kidole. Mwenye Glock azingatie zaidi, kwa sababu kabla ya kuifungua ili kuisafisha ni lazima avute triga. Akianza kwa kukoki, kisha akatoa magazini, slaidi imeshamwekea risasi nyingine ndani, na triga anayoivuta ili asafishe vumbi ndiyo itakayoifyatua.